Toronto hadi nyumbani: Addis, Ghuba, Istanbul au Ulaya?

Kila ikikaribia Oktoba, makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa Toronto, Mississauga na Hamilton hujaa swali moja: Desemba tunapita wapi? Mmoja anaapia Addis, mwingine haambiliki kuhusu Dubai, wa tatu ameona bei ya Istanbul na kadi ya benki iko mkononi. Wote husema kweli, ila kila mmoja husema kweli ya uwanja anaoshukia yeye. Anayekwenda Nairobi na anayekwenda Bujumbura hawana sababu ya kukata tiketi moja.

Hicho ndicho kipimo nitakachotumia. Hakuna ndege inayotoka Kanada moja kwa moja hadi Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe wala Kigali, kwa hiyo lazima ubadilishe ndege mahali fulani. Watu wengi hulinganisha ndege ya kwanza, ile kubwa inayotoka uwanja wa Pearson: viti, chakula, sinema. Ndege ya kuangaliwa kwa makini ni ya pili. Hiyo ndiyo inayoamua kama utatua kwenu mchana ukapokelewa na ndugu, au usiku wa manane ukabaki unabishana bei na dereva wa teksi. Kama mizigo utaikuta mbele yako, au utaifuata wiki ijayo.

Chaguo hizi hazikuwapo zamani

Shirika la kigeni haliamki tu asubuhi likaleta ndege Toronto. Nchi mbili hukubaliana kwanza ni safari ngapi kwa wiki, na Kanada kwa miaka mingi ilikuwa bahili kwa mashirika ya Ghuba. Emirates walianza Toronto Oktoba 2007 kwa safari 3 tu kwa wiki. Mwaka 2009 wakaleta A380, ile ya ghorofa mbili: ukikatazwa kuongeza safari, unaongeza viti. Mwaka 2010 ugomvi ukafika pabaya. Kambi ya kijeshi ambayo Kanada ilikuwa ikiitumia kule Falme za Kiarabu kwa ajili ya vita vya Afghanistan ikafungwa, na Wakanada wakawekewa viza. Safari zikapanda hadi 5 kwa wiki mwaka 2018, na kila siku mwaka 2023, baada ya Air Canada, waliokuwa wapinzani wakubwa wa jambo hilo, kufunga ushirikiano na Emirates hao hao mwaka 2022. Julai 2023 Emirates wakaingia Montreal pia. Qatar Airways walikuwa Montreal tangu 2011, lakini Toronto wamefika Desemba 2024. Turkish Airlines walitangulia mwaka 2009, Ethiopian wakafuata 2012.

Kwa hiyo mtu aliyerudi nyumbani mara ya mwisho miaka kumi iliyopita anakuta soko jingine kabisa. Ushindani upo, na ushauri aliopewa wakati ule umechakaa.

Picha kwa ufupi, kwa muda wa hewani tu bila saa za kusubiri:

| Kupitia | Ndege ya kwanza kutoka Toronto | Ndege ya pili hadi Nairobi | Viwanja vyetu |
|---|---|---|---|
| Addis Ababa (Ethiopian) | karibu saa 13 | karibu saa 2 | Nairobi, Mombasa, Dar, Kilimanjaro, Zanzibar, Entebbe, Kigali, Bujumbura, Kinshasa, Lubumbashi |
| Dubai (Emirates) | karibu saa 13 | karibu saa 5 | Nairobi, Dar, Entebbe |
| Doha (Qatar Airways) | karibu saa 13 | saa 5 na nusu hivi | Nairobi, Dar, Zanzibar, Kilimanjaro, Entebbe, Kigali |
| Istanbul (Turkish) | karibu saa 10 | saa 6 na nusu hivi | Nairobi, Mombasa, Dar, Kilimanjaro, Zanzibar, Entebbe, Kigali |
| Amsterdam (KLM) | karibu saa 7 | karibu saa 8 | Nairobi, Dar, Kilimanjaro, Zanzibar, Entebbe, Kigali |

Ratiba hubadilika kwa msimu, na si kila safari ipo kila siku ya wiki. Thibitisha tarehe yako kabla ya kumwambia mtu aje kukupokea.

Addis: njia fupi yenye foleni

Ukitazama ramani, Addis iko njiani kweli. Ukienda Dubai au Doha, unapitiliza kwetu kwa upande wa mashariki, halafu unarudi kusini magharibi. Addis unashuka tu. Baada ya saa 13 za usingizi wa kukaa, kujua kwamba zimebaki saa 2 kufika Nairobi, au karibu 3 kufika Dar, ni faraja ambayo bei haiwezi kuionyesha. Mwenye watoto wadogo ananielewa.

Ubora wake wa pili ni mtandao. Kwa Mrundi anayekwenda Bujumbura, Ethiopian ni kama hana mpinzani kutoka Toronto: ndege mbili, tiketi moja, umefika. Kwa mtu wa Mombasa pia ni msaada, kwa kuwa mashirika mengi hukuachia Nairobi na kukuambia ujitafutie treni ya SGR au ndege nyingine. Na kwa kuwa shirika limo ndani ya Star Alliance, umoja wa mashirika ambao Air Canada nayo imo, safari unaweza kuiingiza kwenye pointi zako za Aeroplan, zile za Air Canada. Mizigo nayo imewapa jina: mabegi mawili ya kilo 23 kila moja ndiyo desturi yao kwenye njia hii, ingawa daraja la tiketi lako ndilo lenye neno la mwisho.

Sasa kasoro. Uwanja wa Bole hujaa kupita kiasi zile saa ambazo ndege za Ulaya, Amerika na Asia hutua kwa pamoja, na nusu ya Afrika inabadilisha ndege kwa mkupuo. Foleni ya ukaguzi ni ndefu, na dakika 60 za kuunganisha zinatosha kwenye karatasi tu. Mimi huchukua saa 2 na kuendelea.

Kasoro ya pili inajificha kwenye tiketi ya kurudi. Bole iko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na ndege iliyojaa abiria na mafuta ya kufika Kanada hupata taabu kuruka. Ndiyo maana kwa miaka mingi ndege ya kurudi Toronto ilikuwa ikitua Dublin kuongeza mafuta. Soma kama tiketi yako ina kituo cha katikati wakati wa kurudi, maana muda wa kwenda na wa kurudi haufanani hata kidogo.

Kuna jambo la tatu ambalo watu wa Tanzania hulisahau. Ethiopia imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania hudai cheti cha chanjo kwa anayetoka nchi hizo, pamoja na aliyepita uwanjani kwake zaidi ya saa 12. Ukikubali tiketi ya bei nafuu yenye kulala Addis, ile kadi ya njano iwe mfukoni. Wa Kongo, Uganda na Burundi wanahitaji kadi hiyo kwa vyovyote vile.

Ghuba: starehe, na anga isiyotabirika

Sipendi kubishana na mtu anayependa A380 ya Emirates. Ni ndege tulivu, chakula chote ni halali bila kuagiza, na uwanja wa Dubai unafanya kazi saa 24 kama mchana. Kwa anayekwenda Dar, Nairobi au Entebbe, ni safari safi. Tatizo huanza unapotaka Zanzibar au Mombasa. Hapo mara nyingi utauziwa tiketi ambayo kipande cha pili kinarushwa na flydubai, shirika jingine la Dubai, na baadhi ya ndege zake huondoka Terminal 2, upande wa pili wa uwanja, wakati wewe umetua Terminal 3. Mizigo hupelekwa, nawe hupelekwa kwa basi la uwanja, lakini hilo si la kufanya mbio mbio.

Kwa Zanzibar, Kilimanjaro na Kigali, Doha ndiyo chaguo la Ghuba la kutazama kwanza. Uwanja wa Hamad uko chini ya paa moja, hakuna kubadilisha jengo, na mtu aliyekaa Toronto hahitaji tena kwenda Montreal kuwafuata Qatar Airways. Familia nyingi za Kizanzibari zina ndugu Muscat, na kutoka Dubai au Doha ni hatua fupi: kama pasipoti yako inaruhusu, unaweza kuomba tiketi yenye kusimama siku mbili tatu, ukamwona shangazi kabla ya kushuka Unguja.

Upande wa pili wa Ghuba ni siasa. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa kwa sababu ya makombora ya Iran, na ndege zilizokuwa njiani zikatawanyika viwanja vya mbali. Sisemi usipite huko. Nasema mtu mwenye mazishi, harusi au mtihani tarehe fulani ajipe siku moja ya akiba, na atazame habari za wiki ile kabla ya kulipa.

Saudia nao wana habari yao. Safari zao za Toronto zilikatika Agosti 2018 Riyadh ilipogombana na Ottawa, na mahusiano yakarejeshwa Mei 2023. Wanarusha Jeddah na wanafika Nairobi. Kwa Mwislamu anayetaka kuunganisha Umra na safari ya nyumbani, kuna viza ya kupita ya saa 96 iliyoanzishwa Januari 2023 ambayo inaruhusu Umra. Kwa mtu mwenye nia hiyo, sioni mpinzani. Kwa wengine wote, ni chaguo la nne au la tano.

Istanbul: ya wenye miguu mizuri

Turkish huwa na bei za kushawishi, na wanagawa safari vizuri: saa 10 kisha 6 na nusu, badala ya 13 kwa pigo moja. Mwenye maumivu ya mgongo au miguu inayovimba atashukuru. Wanafika viwanja vingi vyetu, hata Mombasa. Ukiwa na saa kati ya 6 na 24 za kusubiri, wana ziara ya jiji bila malipo, na wenye pasipoti ya Kanada hawadaiwi viza ya Uturuki tangu Desemba 2023. Pasipoti nyingine zina masharti yake, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya asijipangie kuona Bosphorus kabla ya kuuliza.

Lakini uwanja mpya wa Istanbul, uliofunguliwa kikamilifu Aprili 2019, ni mji. Kutoka geti moja hadi jingine unaweza kutembea mpaka ukajuta kuvaa viatu vipya. Na ndege zao nyingi za kwetu hutua usiku wa manane. Ukishukia Kilimanjaro saa hizo na nyumbani ni Moshi, umefika; ukiwa unakwenda Singida, unaongeza gharama ya kulala. Baridi kali nayo hufika huko: Januari 2022 theluji ilifunga uwanja mzima.

Ulaya na New York: tazama pasipoti kwanza

KLM wana faida moja kubwa kwa watu wa Arusha na Moshi, kwani Amsterdam na Kilimanjaro ni njia yao ya siku nyingi. Pia wana ndege kutoka Calgary, na hili nalisema kwa Waswahili wa Alberta: kurushwa kwanza mashariki hadi Toronto ili upande Ethiopian kunaweza kukulia siku nzima, wakati Amsterdam unaifikia kwa ndege moja. British Airways watakufikisha Nairobi kupitia London, lakini Dar waliiacha mwaka 2013. Tiketi za bei ya chini za Ulaya mara nyingi huja bila begi hata moja la kupakia. Ukiongeza mabegi mawili, ule unafuu unaweza kuyeyuka.

Viza ya kupita ndiyo inayowakwamisha watu hapa. Mwenye pasipoti ya Kongo anatakiwa viza ya uwanjani hata akipita tu Amsterdam, Brussels au Paris, isipokuwa ana viza halali ya Kanada au kadi ya PR, ile ya ukaazi wa kudumu. Uingereza nayo ina orodha yake ndefu zaidi, inayogusa pasipoti zetu nyingi, na ina msamaha wa namna hiyo hiyo. Ukiwa na kadi ya PR ambayo haijaisha muda, unapita. Ikiwa imeisha, hupiti, na hata kurudi Kanada itakuwa kesi.

Kenya Airways wanarusha New York hadi Nairobi moja kwa moja tangu 28 Oktoba 2018. Kwa raia wa Kanada, kuruka kwanza hadi uwanja wa JFK kunavutia. Kwa asiye raia wa Kanada, Marekani haina utaratibu wa kupita uwanjani bila kuingia nchini: unahitaji viza yao hata kama hutaki kuona barabara. Kwa wengi mjadala unaishia hapo.

Mama akija peke yake

Hapa ndipo naacha kabisa kuangalia bei. Wazazi wengi huja kwa super visa, ambayo tangu Julai 2022 humruhusu mzazi kukaa hadi miaka 5 kwa kuingia mara moja, na wengi wao hawajui Kiingereza cha uwanjani. Kwa mama anayetoka Tanga au Kigoma, mpe safari yenye kubadilisha ndege mara moja tu baada ya kutoka nchini, na mchana ikiwezekana. Kisha omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hata kama anatembea vizuri. Hiyo si aibu na haina malipo. Mfanyakazi wa uwanja atamchukua mlangoni mwa ndege, ampitishe ukaguzi na kumkabidhi geti la pili. Mwandikie karatasi: jina lake, jina la geti atakaloulizia, simu yako, na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema anakwenda wapi. Aiweke kwenye pasipoti, si kwenye pochi ya ndani ya kanga.

Kwa safari hii napendelea Addis au Doha. Istanbul ni kubwa mno kwa mtu wa mara ya kwanza, na Dubai ni nzuri kama anatoka Dar, si kama anaunganishiwa kutoka Unguja.

Ukiwa unatoka Kigoma, Mwanza au Bukoba, hakuna hata shirika moja kati ya haya litakalokufikia. Kwa kawaida unapita Dar kwa Air Tanzania au Precision Air. Tiketi mbili tofauti maana yake ni kuchukua mizigo, kuipima upya, na kubeba hasara mwenyewe ndege ya kwanza ikichelewa. Acha usiku mmoja Dar katikati. Kwa Goma, uwanja ulifungwa kwa vita vya Januari 2025, kwa hiyo watu wamekuwa wakishukia Kigali na kuendelea kwa barabara hadi Rubavu, mpakani. Hapo Qatar Airways, Ethiopian na KLM wanashindana sawasawa, na unaweza kuchagua kwa bei.

Kaunta ya Pearson

Kanada haina dawati la uhamiaji la kukugongea muhuri wakati wa kutoka. Anayekagua viza yako ni yule dada au kaka wa kaunta ya shirika, na yeye ana amri ya kukuacha. Fika saa 3 na nusu kabla. Treni ya UP Express kutoka Union huchukua dakika 25 na hushukia Terminal 1, waliko Ethiopian, Emirates na Turkish. KLM na British Airways wako Terminal 3, na kuna treni ndogo ya bure kati ya majengo hayo. Pima mabegi nyumbani. Kila Desemba sakafu ya mbele ya kaunta ya Addis hugeuka duka la mitumba: begi limefika kilo 26, mtu amepiga magoti anatoa viatu na makopo ya maziwa ya mtoto, anamwomba jirani mwenye nafasi ya kilo mbili. Usikubali kuwa huyo jirani kwa mtu usiyemjua.

Januari na Februari ndege hupigwa dawa ya kuyeyusha barafu kabla ya kuruka, na foleni yake hula saa. Usichukue muda mfupi wa kuunganisha miezi hiyo, popote unapopita.

Na likitokea la kutokea, sheria ya Kanada inakulinda hata kwa mashirika ya kigeni. Tangu Desemba 2019, ukichelewa kufika kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika kubwa na isiyo ya usalama, fidia ni dola 400 za Kanada kwa saa 3 hadi 6, dola 700 kwa saa 6 hadi 9, na dola 1,000 kwa zaidi ya hapo. Mashirika yaliipinga mpaka Mahakama ya Juu, na Oktoba 2024 yakashindwa. Una mwaka mmoja wa kudai, kwa hiyo tunza kipande cha kupandia ndege na kile kibandiko cha mizigo.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kubonyeza kulipa ni ule mstari mdogo unaotaja nani hasa anarusha kila kipande. Tiketi iliyoandikwa Air Canada inaweza kurushwa na Emirates au Ethiopian, na idadi ya mabegi, namna ya kuchagua kiti na kaunta utakayokwenda vinaweza kubadilika kwa sababu hiyo. Kama mstari huo unataja majina matatu kwa safari ya kwenda tu, piga simu uulize mizigo inaandikwa mpaka wapi kabla hujatoa pesa.